Baiskeli Isiyo na Keria

Mwaka juzi nililetewa kazi ya tarjuma na kampuni moja ya ughaibuni ambayo jina lake nalihifadhi. Yalikuwa maelezo ya kurasa chache kuhusu baiskeli ya fahari. Pichani fremu yake ilikuwa ya mistari iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula, pembe zake za mraba, rangi yake nyeupe pe. Haikuwa na keria, haikuwa na madigadi, haikuwa na kifuniko cha mnyororo, haikuwa na stendi wala kengele. Chini ya picha palikuwa na neno moja la sifa, likarudiwa ukurasa hadi ukurasa, na neno hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nilijaribu "safi". Nikajiuliza: msomaji wa Kiswahili akiambiwa baiskeli hii ni safi, si atadhani imetoka kuoshwa? Nikajaribu "halisi". Basi ile ya muuza samaki wa Malindi ni bandia? Nikajaribu "nyofu", nikaona nitakuwa nimeipa chuma sifa ya mja mwema. Mwishowe lugha yenyewe ilinihurumia ikanipa neno lake: "tupu". Baiskeli tupu, kama tulivyozoea kusema mkono mtupu na chungu kitupu. Nikaliandika kwa furaha ya mtu aliyeokota lulu, nikaipeleka kazi. Siku ya pili ikarudi na alama nyekundu: mteja anataka "safi". Nikaandika safi. Nikapokea ujira wangu, nikanunua mchele. Makala haya ni kafara ya neno lile.

Sina ugomvi na sanaa mpya, wala sina ugomvi na Ulaya. Ugomvi wangu ni na wale wanaokichukua chombo kilichozaliwa na haja za watu, wakakipogoa kila kinachozitimiza haja hizo, kisha wakatuambia kuwa kilichobaki ndicho uzuri. Nadai zaidi ya hayo: watu hao, wanaojinasibisha na mabwana wakubwa wa sanaa na usanifu wa karne ya 20, hawakuwaelewa mabwana wao. Mwalimu alikuwa baiskeli. Wasanii ndio waliokuwa wanafunzi.

Tuanze na mwalimu. Mwaka 1885, katika mji wa Coventry nchini Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoiita Rover. Kabla yake vijana walikuwa wakipanda ile baiskeli ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambayo leo hutuchekesha tukiiona katika picha. Lakini gurudumu lile halikufanywa kubwa kwa mapenzi ya ajabu. Pedeli zilikuwa zimefungwa katikati yake, na kila mzunguko wa mguu ulizungusha gurudumu mara moja tu. Kwa hiyo kadiri gurudumu lilivyokuwa kubwa, ndivyo mpandaji alivyokwenda mbali zaidi kwa jasho lile lile. Starley alipoufunga mnyororo ukazungusha gurudumu la nyuma kwa meno ya idadi tofauti, haja ya ukubwa ule ikafa. Magurudumu yakakaribiana kimo, mpandaji akateremka karibu na ardhi, na aliyeanguka hakuanguka tena kama aliyedondoka kutoka juu ya mnazi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop wa Belfast akapata hataza ya mpira wa kutiwa upepo. Fikra hiyo ilimjia alipotaka kumpunguzia mwanawe mtikisiko wa baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Tazama jinsi kila kiungo kilivyozaliwa: hapa mguu uliochoka, pale mtoto anayetikiswa.

Ndani ya miaka michache fremu nayo ikatulia katika umbo ambalo mafundi huliita almasi. Ni pembetatu mbili zilizogusana, ile ya mbele ikiwa imekatwa ncha kidogo kuipisha shingo ya usukani. Kwa nini pembetatu? Muulize fundi yeyote wa kenchi za paa. Chukua vijiti vitatu, vifunge kwa uzi kwenye ncha, kisha jaribu kuvipinda: havipindiki, mpaka kimoja kivunjike. Chukua vinne, uvifunge vivyo hivyo upate mraba, halafu usukume kwa kidole kimoja. Mraba utalala ubavuni kama mlevi. Ndiyo maana seremala anayetengeneza mlango wa mbao wa uani huupigia ubao wa mshazari nyuma yake, ama sivyo mlango utalegea na kuburura chini kabla ya mwaka kwisha. Umbo la almasi halikuchorwa na msanii aliyeketi akitafuta uzuri. Lilibaki kwa kuwa maumbo mengine yalijaribiwa barabarani yakashindwa, na hilo likabeba. Zaidi ya karne moja imepita, na ukisimama leo Darajani utaliona lile lile likipita na matenga mawili ya embe.

Sasa tuje kwa wanafunzi. Mwaka 1919 Walter Gropius alianzisha huko Weimar, Ujerumani, chuo kilichoitwa Bauhaus, kikahamia Dessau mwaka 1925, na kikafungwa Berlin mwaka 1933 katika mwaka ule ule Wanazi waliposhika dola. Chuo hicho kiliwakusanya wachoraji, wafumaji, maseremala na wasanifu wa majumba, na swali lao kubwa lilikuwa hili: katika zama za viwanda, kitu cha kutumiwa kila siku kiwe na sura gani? Kabla yao Mmarekani Louis Sullivan, katika makala yake ya mwaka 1896 juu ya majengo marefu, alikwisha fundisha kwamba sura ya kitu sharti itokane na kazi yake. Watu wa Bauhaus walikuwa wakitafuta vielelezo vya fundisho kama hilo, na kimoja walikipata nje ya mlango wao, kimeegemezwa ukutani.

Kijana Marcel Breuer, Mhungari aliyekuwa akiongoza karakana ya useremala ya chuo, alinunua baiskeli aina ya Adler. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba alikuwa akiutazama usukani wake, bomba la chuma jepesi lililopindwa kwa ulaini wa utumbi, akajiuliza: ikiwa bomba hili linaubeba mwili wa mtu barabarani, kwa nini lisiubebe nyumbani? Akatengeneza mwaka 1925 kiti cha mabomba yaliyopindwa na vipande vya kitambaa kilichokazwa, kiti ambacho baadaye kilipewa jina la mwenzake, mchoraji Wassily Kandinsky. Viti vya chuma tulivyokalia madarasani na katika vyumba vya kungojea daktari ni jamaa za kiti hicho, na babu wa ukoo mzima ni usukani wa baiskeli.

Msomaji mpenzi, lishike jambo moja hapo. Kilichomvuta Breuer kilikuwa mpindo. Hakuona rula wala mraba. Aliona chuma kilichokubali kupinda ili mikono ya mtu ipate pa kupumzikia. Anayedai leo kuiheshimu Bauhaus kwa kuinyoosha baiskeli yote iwe mistari mitupu amelirithi jina akaiacha mali.

Wapo waliofanya hivyo, na kazi zao si siri. Mwaka 2013 msanifu wa Denmark, Michael Ubbesen Jakobsen, alionyesha baiskeli aliyoiita BauBike, akitangaza wazi kuwa ameiga Bauhaus. Aliijenga juu ya umbo la mraba, akajifunga kutumia mistari iliyonyooka na pembe za nyuzi 60 na 90 tu. Nakiri kwamba picha yake inapendeza. Nakiri pia kwamba mtunzi ana haki ya kujiwekea masharti. Mimi niliyekulia katika vina na mizani nitalikanaje hilo? Lakini sharti hujibu swali, nami nauliza: sharti la nyuzi 60 na 90 linajibu swali la nani? Fremu za kawaida huinama kati ya nyuzi 65 na 75 hivi, kwa kuwa kiuno, goti na mkono wa mwanadamu vimetaka hivyo. Mraba, kwa kuwa hauna mshazari, humlazimisha fundi kutegemea nguvu ya viungio na unene wa chuma kufanya kazi ambayo pembetatu huifanya bure. Hapo kazi ndiyo inayoifuata sura, na fundisho la Sullivan limesimamishwa kichwa chini miguu juu.

Niliichukua ile picha ya kampuni yangu nikampelekea fundi wangu wa pancha, mzee mwenye vidole vilivyoota sugu za spoki. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza simu, akaitazama tena.

"Maalim, hii ya nani?"

"Ya Ulaya, Fundi. Ya fahari."

"Mwenyewe hana mke?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Basi hana mtoto wala mzigo. Na mvua kwao hainyeshi." Akanirudishia simu yangu, akaendelea kutia kiraka.

Nilicheka, lakini njiani nikaona kuwa mzee ameandika uhakiki mzima. Keria haipo: mtu huyu hana wa kumpakia. Madigadi hayapo: hajui tope. Kifuniko cha mnyororo hakipo: havai kanzu wala buibui. Stendi haipo: hasimami kuuza wala kuamkia. Kengele haipo: hapiti vichochoroni. Kila kiungo kilichokatwa kwa jina la usafi kilikuwa jina la mtu fulani, na aliyekikata hakuufuta urembo, aliwafuta watu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwanza kuwa mimi ni mzee wa mila, na kwamba watu kama mimi wangemcheka hata Starley. Hoja hii ina uzito, nami sitaikwepa. Mila hukosea. Mfaransa Charles Mochet alitengeneza baiskeli ya kupandwa kwa kujilaza chali, na mwaka 1933 Francis Faure akaivunja nayo rekodi ya mwendo wa saa moja, kwa kilomita 45.055. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kiliipiga marufuku katika mashindano yake. Mwaka 1993 Mskochi Graeme Obree alijitengenezea baiskeli ya ajabu isiyo na bomba la juu, akatia ndani yake beringi za mashine ya kufulia nguo, akakunja mikono yake chini ya kifua kama kuku aliyeatamia, akaenda kilomita 51.596 kwa saa moja na kuivunja rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1984. Mtindo wake nao ukapigwa marufuku mwaka uliofuata. Nawatetea wote wawili kwa moyo mkunjufu. Obree aliliondoa bomba la juu kwa sababu magoti yake yalikuwa yakiligonga. Umbo lake lilikuwa geni, lakini kila ugeni ulikuwa na jibu tayari kwa anayeuliza kwa nini. Siulizi kitu kiwe cha zamani. Nauliza kiwe na jibu.

Nitaambiwa pili kuwa uzuri nao ni haja, na kwamba mtu hali mkate peke yake. Ni kweli tena kweli. Lakini nani aliyesema watu wetu hawaujui uzuri? Zitazameni baiskeli zao: vipande vya rangi kwenye spoki, maua ya plastiki kwenye usukani, maneno ya busara au ya kejeli yaliyoandikwa kwenye digadi la nyuma ili anayefuata asome. Adolf Loos wa Vienna, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 20 insha mashuhuri ya kuulinganisha urembo na uhalifu, angetupeleka sote jela. Hata hivyo, maneno yale yameandikwa juu ya digadi linaloendelea kuzuia tope. Mfaa wa mlango wetu wa nakshi umechongwa kwa siku nyingi, na papo hapo unaziba ufa kati ya ubao wa kulia na wa kushoto. Kanga ina jina lake, na bado inambeba mtoto mgongoni. Urembo wetu umepanda juu ya kazi kama abiria, haukuisukuma kazi ikaanguka barabarani.

Hata Ulaya kwenyewe wapo waliolijua hilo. Timu ya mbio ya La Vie Claire, iliyoanzishwa mwaka 1984, ilivaa fulana za miraba ya nyekundu, manjano, buluu na nyeupe, zilizochukuliwa kutoka michoro ya Mholanzi Piet Mondrian. Bernard Hinault alishinda mbio za kuizunguka Ufaransa akiwa na timu hiyo mwaka 1985, na Greg LeMond mwaka 1986. Miraba ya mchoraji ilikaa juu ya nguo. Pembetatu za fundi zikabaki chini yake zikifanya kazi. Huo ndio udugu wa sanaa na chombo ninaoukubali. Na Marcel Duchamp, aliyelisimamisha gurudumu la baiskeli juu ya kigoda cha jikoni mwaka 1913, naye alikuwa mkweli kwa namna yake: hakumwambia mtu alipande aende nalo sokoni.

Hapa kisiwani tunalo somo kubwa kuliko baiskeli. Mpango wa mji wa mwaka 1968 ulichorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, wajukuu wa fikra ile ya mstari ulionyooka, na majumba marefu ya Michenzani yakapigwa katikati ya Ng'ambo kama msalaba wa rula. Niwe mwadilifu: yalijengwa kwa nia ya kumtoa mnyonge katika kibanda cha udongo, na wengi walipata humo taa na kuta za saruji ambazo baba zao hawakuziota. Lakini nimewaona wenyeji wa ghorofa za juu wakipanda ngazi jioni na baiskeli begani, hatua kwa hatua, kwa kuwa aliyeupiga mstari hakuuliza baiskeli italala wapi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wenye nyumba walijibu kwa matendo: wakateremka chini, wakajenga barza, wakaweka mabao ya bao na vijaluba vya biashara, mpaka mstari ukakubali kuishi na watu. Watu ndio walioikamilisha kazi ya msanifu, na jina lao halimo katika ramani yoyote.

Wapenzi wa mashairi huenda wamechoka kunisubiri niwafikie. Nimewafikia. Tangu Kaluta Amri Abedi atoe kitabu chake cha sheria za utungaji mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi atoe *Kichomi* mwaka 1974, tumegombana kuhusu vina na mizani kana kwamba ni nakshi za kubandika na kubandua. Mimi sikusoma ushairi chuoni. Niliusikia. Marehemu baba, Mungu amrehemu, alikuwa akiuza boflo kwa baiskeli, sanduku la mbao limefungwa nyuma, nami nikiwa mdogo nikipakiwa mbele juu ya bomba. Alikuwa hajui kusoma ila msahafu, lakini kutoka tanuri hadi nyumba ya mwisho alighani beti kwa mamia, na kila beti ilikaa kichwani mwake kwa sababu kina kilimshikia mkono kumpeleka kwenye kina cha pili. Huko ndiko nilikojua kuwa mizani si pambo la shairi. Ndiyo keria yake. Sisemi shairi huru si shairi. Nasema anayeiondoa keria atuonyeshe mzigo ataufunga wapi: kwa mapigo ya pumzi, kwa urudiaji, kwa picha inayong'ang'ania. Wapo waliofanya hivyo, nami nawavulia kofia. Na wapo waliokata tu, wakauita ukataji wao usafi.

Shule niliiacha mapema, sanduku la boflo likanirithi. Vitabu vyangu vya mwanzo nilivipata kwa wateja waliokuwa wakinipa badala ya senti zilizopungua, nikavifunga juu ya keria ile ile kwa kamba ya katani, nikavileta nyumbani. Lugha ninazozitarjumu leo zilinifikia hivyo. Kama baiskeli ya baba ingekuwa "safi", mimi nisingelikuwa mwandishi, na yamkini tusingelikula.

Kwa hiyo nalirudisha neno nililouza. Anayetaka kuinunua baiskeli ile na ainunue, aitundike ukutani, aitazame. Hana lawama, ukuta nao una haki yake ya kupambwa. Lakini kwa Kiswahili baiskeli ile si safi. Ni tupu. Na msanifu kijana atakayeichora baiskeli ya kesho ya visiwa hivi, maana lazima atatokea, asianze kwa rula. Aanze kwa kusimama asubuhi mlangoni mwa soko, ahesabu wanaopita na walichobeba. Kisha achore. Namwachia ubeti huu njiani:

Waniuzia umbile, mzigo niweke wapi?
Umekata huku, kule, hukuuliza kwa lipi?
Mraba wako ulale, shimoni tupite vipi?
Kizuri kisichobeba, si kizuri, ni kivuli.